Mzee Bado na Kosa la Gari Namba Kumi na Nne

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa alasiri, fundi tunayemwita Mzee Bado atanawa mikono kwa sabuni ya unga kwa mara ya mwisho katika karakana hii, kisha atastaafu. Atakuwa ametumikia kampuni miaka thelathini na mitatu. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimefanya kazi karibu naye kuliko mwingine yeyote. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoweza: kilichotangulia kitatangulia, kilichofuata kitafuata.

Kumbukumbu za ofisi zinasema hivi: fundi msaidizi miaka minne, fundi wa injini miaka kumi na miwili, mkuu wa mafundi miaka kumi na mmoja, fundi wa shimo la oili miaka sita. Mwenye macho haambiwi tazama. Mtu anapanda miaka ishirini na saba, halafu anashuka mpaka shimoni, kule chini ya magari tunakobadilishia oili, na kubaki huko hadi anastaafu. Walioajiriwa karibuni wamekuwa wakiulizana chinichini kama alilewa kazini au aliiba. Hakulewa wala hakuiba. Nitaeleza.

Kwanza jina. Dereva akiuliza, "Mzee, tayari?" hujibu, "Bado," hata kama boneti imeshafungwa na ufunguo uko mezani. Kwake gari haliwi tayari mpaka alizungushe uani mara tatu, madirisha wazi, asikilize. Madereva walikuwa wakisema kwamba hata siku ya harusi yake alipoulizwa kama yuko tayari alijibu bado, na mkewe akasubiri azunguke ukumbi mara tatu. Mkewe, ambaye sisi wote tunamwita mama, aliposikia maneno hayo alisema ni uongo, alizunguka mara moja tu.

Si mtu mwepesi kufanya naye kazi, na sitasema uongo katika karatasi ya sherehe. Hapendi mluzi. Redio ikiwashwa karibu na injini inayonguruma, anaizima bila kuuliza ni ya nani. Kwa spana ana mkono wa birika. Kila moja ameichorea umbo lake kwa rangi kwenye ubao wa ukutani, na ukimwomba namba kumi na tatu anakwambia, "Ina mama yake hapa, irudi kabla hajaanza kuitafuta." Lakini magari yaliyotoka mikononi mwake hayakurudi. Katika miaka yake kumi na mmoja ya ukuu, ubao wa magari yaliyorudishwa mara ya pili kwa tatizo lile lile ulikaa mweupe miezi mingi kuliko ulivyoandikwa.

Sasa nifike kwenye gari namba kumi na nne.

Kumi na Nne lilikuwa moja ya magari madogo yanayochukua wagonjwa wa figo majumbani na kuwapeleka kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Miaka sita iliyopita, siku ya Jumanne, lilizimika katika makutano ya barabara likiwa na wagonjwa wanne. Hakuna aliyeumia. Lakini lori lililokuwa nyuma lilisimama likiwa limebakiza hatua mbili, na bibi mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma alikataa kupanda gari letu tena. Barua ikaja kutoka hospitalini. Meneja wa wakati ule, ambaye sasa hayupo, alikuja karakana na barua hiyo mkononi akauliza neno moja tu, "Nani?"

Hapa kwetu kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: aliyegusa mwisho ndiye mwenye kosa. Kadi ya kazi ya Kumi na Nne ilionyesha kwamba Jumamosi iliyotangulia lilibadilishwa oili. Aliyetia sahihi ni mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu hapa. Kibali changu cha kuishi katika nchi hii kimefungamana na kazi hii. Kazi ikiisha, nina siku thelathini za kufunga mzigo. Nyumbani nilikuwa na binti mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumtegemea. Shimoni tuna mapipa mawili ya oili yaliyosimama sambamba, moja la oili nzito ya malori na moja la oili nyepesi ya magari madogo. Maandishi ya kwenye mapipa hayakuwa ya lugha ninayoisoma vizuri. Kwa hiyo jibu la swali la meneja lilipatikana haraka. Mtu mmoja alisema, "Mgeni hasomi. Amechanganya mapipa." Wengine wakaguna kukubali. Kwa kweli mimi mwenyewe nilianza kuamini. Meneja akasema anataka ripoti mezani kwake Ijumaa saa sita mchana, na barua ya kunifukuza ingefuata siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimekalia kuti kavu.

Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Bado. Alisoma kadi, akasoma barua, akasema, "Bado."

Nieleze kidogo kuhusu injini ile, maana bila hivyo mambo hayaeleweki. Injini za zamani zilifungua valvu zake, vile vizibo vya kuingizia hewa na kutolea moshi, kwa wakati ule ule siku zote. Injini kama ya Kumi na Nne ina kifaa cha kubadilisha wakati huo. Gari likipanda mlima, valvu za hewa hufunguka mapema kidogo ili injini ipate nguvu. Gari likisimama, hurudi kwenye wakati wake ili injini itulie. Kinachosukuma mabadiliko hayo ni oili yenyewe. Inapitia kwenye valvu ndogo ya umeme, nene kama kidole gumba, ambayo ni kama mlinzi wa mlango: kompyuta ya gari ikimwambia fungua anafungua, ikimwambia funga anafunga. Mlinzi huyo akikwama mlango ukiwa wazi, injini inabaki na wakati wa mlimani hata gari likiwa limesimama. Inatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha inazimika. Ndivyo lilivyofanya Kumi na Nne kwenye makutano.

Fundi wa pili kwa cheo wakati ule alikuwa kijana hodari tunayemwita Fundi Kompyuta, kwa kuwa mashine ya kusomea makosa ya magari haikutoka mkononi mwake. Mashine ilisema wakati wa valvu za hewa umekwama mbele, yaani ule wa mlimani. Akabadilisha sensa inayopima wakati huo, gari likabaki vile vile. Akabadilisha ile valvu ndogo, gari likapona. Tukashusha pumzi. Kesho yake asubuhi, Alhamisi, likatetemeka tena na kuzimika getini. Fundi Kompyuta akasema, "Basi ni cheni ya ndani imeruka meno. Tufungue injini nzima." Hiyo ilikuwa kazi ya wiki nzima, na ripoti ilitakiwa kesho.

"Bado," Mzee akasema. "Kwanza tumalize habari ya oili. Mtu hafukuzwi kwa fununu."

Akaokota kioo cha pembeni cha gari kilichovunjika, akakifuta, akakiegemeza kwenye tofali. Juu ya kioo akaweka matone matatu kwa mstari mmoja: tone la pipa zito, tone la pipa jepesi, na tone kutoka injini ya Kumi na Nne. Mafundi wote walikuwa wamesimama. Matone mawili yakashuka pamoja kama mapacha wanaokwenda shule, la tatu likabaki nyuma likijivuta. Lililobaki nyuma lilikuwa la malori. Oili ya Kumi na Nne ilikuwa sahihi.

Akamgeukia yule aliyesema sijui kusoma. "Umeona? Hajasoma, lakini hajakosea. Wewe umesoma."

Watu wakacheka, nami nikadhani mambo yameisha. Hayakuisha. Fundi Kompyuta, na simlaumu, alisema alichotakiwa kusema: "Sawa, oili ni yenyewe. Lakini huenda aliacha uchafu ukaingia wakati anaimimina. Valvu mpya haikwami kwa siku moja bila kitu." Na hilo lilikuwa kweli. Kulikuwa na kitu.

Mchana, wenzetu walipokwenda kula, Mzee aliniita nimshikie taa. Alichomoa waya za ile valvu ndogo, akaunganisha waya mbili zake mwenyewe kutoka kwenye betri, injini ikinguruma. Alipozigusisha, injini ikatetemeka, kama inavyopaswa. Alipoziondoa, ilipaswa itulie hapo hapo. Haikutulia. Aligusisha na kuondoa mara nyingi, kichwa amekiinamisha, jicho moja amelifumba. Kisha akaniambia, "Umeme unafika. Mlinzi mwenyewe ni mzima, anasikia. Kuna kitu kimekaa mlangoni."

Akazima injini, akaichomoa valvu, akaikung'utia juu ya kitambaa cheupe. Vikatoka vipande vitatu vidogo, kimoja kirefu kama kucha iliyokatwa, viwili kama mbegu za nyanya. Vilikuwa vyekundu.

Nilipoviona nilikata tamaa. Mdomo wa pampu ya pipa letu la oili nyepesi una mpira mwekundu, na mpira ule ulikuwa umeanza kuchakaa. Kila mtu katika karakana aliujua. Nilimwambia, "Mzee, ni mpira wa pampu. Ni mimi." Alikibonyeza kile kipande kirefu kwa ukucha, akakinusa, akakaa chini juu ya kreti ya chupa. Alikaa muda mrefu, mpaka nikadhani presha yake imepanda, nikamwuliza kama nikamletee maji. Akasema, "Shika taa tu, mdogo wangu."

Sikujua alichokuwa anakijua. Miezi saba kabla, kava ya mbele ya injini ile ilikuwa inavuja, na gari lilitakiwa asubuhi kwa wagonjwa. Mzee aliifungua na kuiziba yeye mwenyewe, peke yake. Silikoni nyeusi, gundi ya kuzibia tunayotumia sote, ilikuwa imeisha stoo, akatumia ile nyekundu ya ekzosi aliyokuwa nayo kwenye droo yake. Na kwa haraka aliipaka nene. Yeye ndiye aliyetufundisha sote kwamba silikoni hupakwa nyembamba kama uzi wa cherehani, kwa sababu inayozidi hujiminya ndani usikokuona. Siku hiyo aliipaka nene kama kidole. Na njia ya oili inayokwenda kwenye ile valvu ndogo hupita ndani ya kava hiyo hiyo. Kilichozidi kilining'inia humo miezi saba, kikaanza kukatika kipande kipande. Kwenye kadi ya kazi ya siku ile aliandika "kava ya mbele imezibwa" tu. Rangi hakuiandika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wenzangu, naomba mfikirie hapo. Tulikuwa wawili. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kusema ni mimi. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Kama ningekuwa mimi, nisiseme uongo, ningekikunja na kukitupa kwenye pipa la taka, kisha ningetafuta namna ya kulala usingizi.

Alikikunja kweli, kwa uangalifu, vipande vikiwa ndani. Akaenda nacho ofisini kwa meneja akiwa na ovaroli yenye grisi, bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mlango ulibaki wazi, na waliokuwa wanarudi kutoka kula walisikia. Alisema, "Si mpira wa pampu. Mpira ukiubana unarudi, hii ikibanwa inakatika. Ni silikoni, na nyekundu ninayo mimi peke yangu humu ndani. Kosa ni mkono wangu. Yule mtu mwachie."

Meneja alimwuliza kama anafahamu anachosema. Akajibu kwamba anakifahamu tangu saa moja iliyopita.

Alasiri hiyo kava ilifunguliwa mbele ya mafundi wote. Ndani kulikuwa na utepe mwekundu unaoning'inia, umeliwa upande mmoja. Mzee aliukwangua mwenyewe, akasafisha njia ya oili kwa hewa, akaipaka kava silikoni nyeusi nyembamba, akafunga, akarudisha valvu. Aliliwasha Kumi na Nne, akalizungusha uani mara tatu. Fundi Kompyuta alipouliza kama liko tayari, Mzee aliomba wao ndio walizungushe mara tatu nyingine, kwa kuwa masikio yake siku hiyo hakuyaamini. Halikuzimika tena mpaka lilipouzwa.

Kampuni haikumfukuza. Ilimvua ukuu. Fundi Kompyuta akapewa nafasi yake, na Mzee akapangiwa kubadilisha oili, kazi ya mtu asiye na cheti. Kazi yangu. Jumatatu nilikuwa shimoni nikaona miguu yake inateremka ngazi. Sikujua niweke wapi uso wangu. Yeye akasema, "Sogea kidogo. Shimo ni lako, mimi mgeni. Nionyeshe taa inawashiwa wapi."

Kuna watu walioniambia wakati ule, "Mzee wa watu ameshuka kwa ajili yako." Maneno hayo yaliniuma, na mwaka wa kwanza nilimkwepa, nikala peke yangu nyuma ya matairi mabovu. Hakunifuata wala hakuninunia. Alinifundisha kusoma maandishi ya kwenye mapipa, herufi kwa herufi, na baada ya mapipa tukasoma vitabu vya magari, na leo mnasoma nilichoandika. Nilipokuwa mzito wa kuelewa alisema kichwa changu ni kama nati yenye kutu, hakihitaji nguvu, kinahitaji oili na muda.

Kwa Fundi Kompyuta, kijana aliyemfundisha mwenyewe kushika spana, alisema "ndiyo, mkuu" kuanzia siku ya kwanza, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Aliomba jambo moja tu: kwamba kila kava inayozibwa, kadi iandikwe silikoni gani na rangi gani, na fundi wa pili apitishe kidole ndani kabla ya kufunga. Mkuu alikubali. Na ile sheria ya aliyegusa mwisho haikutamkwa tena humu. Siku hizi, gari likirudi, tunatandaza kadi zote mezani na kusoma kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote katika miaka thelathini na mitatu, nayo aliifanya akiwa shimoni.

Nilipoanza kuandika wasifu huu, baadhi ya watu ofisini walinishauri niiruke habari ya Kumi na Nne, kwamba sherehe si mahali pa kufukua makosa. Nikamwuliza mwenyewe, tukiwa tunafunga vichujio. Alisema, "Iandike. Ila eleza vizuri nilikosea wapi. Ukinifanya malaika, watu watapiga makofi halafu wataendelea kupaka nene." Mkuu naye aliposikia alikuja juu ya shimo akachungulia, akasema, "Na mimi niweke. Andika kwamba nilitaka kufungua injini nzima." Nimekuweka, mkuu.

Mzee wetu, karakana nzima inakushukuru. Madereva wanakushukuru kwa breki zilizoshika na injini zilizowafikisha. Mama tunamshukuru kwa kukuvumilia, maana sisi tulikuwa nawe mchana tu. Tunawaombea ninyi wawili afya, paa lisilovuja, wajukuu wenye adabu, na asubuhi ambazo hakuna anayekuuliza kama uko tayari.

Mimi nina neno ambalo kwa miaka sita sikulitamka. Mwaka wa kwanza niliona aibu. Wa pili nilijiambia kwamba unajua. Baadaye nikaona muda umepita. Leo watu wote wapo, nami nalisema mahali ambapo haliwezi kufutika. Ulijua wewe peke yako, nami nilikuwa nimekwisha kukubali, na ungeweza kunyamaza. Hukunyamaza. Nilibaki katika nchi hii kwa sababu hiyo. Binti yangu alimaliza chuo, na leo yuko wodini amevaa sare nyeupe, kwa sababu hiyo. Nimemweleza habari yako, naye anakuita babu, na ameniagiza nikupe mkono wake pamoja na wangu.

Asante, mzee wangu. Nenda ukapumzike.